Jiwe Linaotaje? Jibu kwa Msomaji Aliyekatazwa Kuogelea Plitvice

*“Mwalimu, shikamoo. Tunaishi Ujerumani, mimi, mume wangu na watoto wawili. Julai iliyopita tulikwenda Kroatia kwa gari kuyaona maziwa ya Plitvice, yale yaliyopangana kama ngazi msituni, maji ya buluu yakimwagika kutoka bwawa moja kwenda jingine. Joto lilikuwa kali na watoto walikuwa wamebeba nguo zao za kuogelea, lakini kumbe ni marufuku kutia hata mguu majini. Mlinzi mmoja aliniambia kwamba mawe yale yanaota na kwamba waogeleaji huyaua. Kwa kweli sikumwelewa. Jiwe linaotaje? Rafiki yangu alinitumia picha akiogelea Laos kwenye vidimbwi vya namna hiyohiyo, wala hakuna aliyemfukuza. Je, si uchoyo tu wa Wazungu na maji yao? Lakini linaloninyima usingizi ni jingine. Nilichota chupa mbili za maji kwenye kijito karibu na tulipofikia, nikayachemsha kwa chai, na sufuria ikabaki na ukoko mweupe. Mume wangu alitibiwa mawe kwenye figo miaka minne iliyopita, naye alikunywa vikombe vitatu. Tumejidhuru? Na ile buluu, si shaba au dawa fulani? Mwanangu naye aliokota kipande cha jiwe, chepesi kama mkate mkavu, chenye alama ya jani. Sijui tukitupe au tukitunze.”*

Marahaba, dada. Nimekusoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani umeuliza maswali manne, na mara ya pili nikaona kwamba ni moja. Ukoko ulioganda kwenye sufuria yako, alama ya jani kwenye jiwe la mwanao na vile vizingiti, yaani kuta za mawe zinazotenganisha ziwa na ziwa, mlivyokatazwa kuvikanyaga ni kitu kimoja ulichokutana nacho mahali patatu, na ukikielewa kwenye sufuria utakuwa umekielewa msituni. Hata hivyo nisikuache na wasiwasi wakati mimi naeleza mambo ya mawe: vikombe vitatu vya chai ile havikumdhuru mumeo. Sababu nitaitoa huko mbele kwa urefu kidogo, kwani imani kwamba maji ya chokaa huganda kuwa mawe ndani ya figo nimeikuta karibu kila nilikokwenda kupima visima.

Nianze na neno la mlinzi, maana alisema kweli, ila alilisema kwa kifupi mno. Tumezoea kuliona jiwe kama kitu kilichokwisha kufanyika: liliumbika zamani za kale, na tangu hapo kazi ya mvua na mito ni kulila kidogo kidogo. Kwa mawe mengi ndivyo ilivyo. Majabali ya Mwanza hayaongezeki hata unene wa ukucha. Plitvice mambo yamepinduka, kwa kuwa pale maji ndiyo fundi mwashi. Kila kizingiti ulichokiona kimejengwa na maji yaleyale yanayokivuka, na ujenzi haujasimama: mlipokuwa kwenye zile njia za mbao, kazi ilikuwa ikiendelea chini ya miguu yenu. Vizingiti vya sasa vina umri wa miaka elfu sita hadi saba hivi, na kwetu sisi tunaosoma miamba hiyo ni kama jana. Jiwe hilo huitwa travatini, na lile la maji baridi, lenye matundu mengi kama la mwanao, wengi wetu hupenda kuliita tufa.

Sasa jinsi linavyojengwa. Mvua inayonyesha juu ya msitu ule wa misonobari na miti inayopukutisha majani huzama katika udongo uliojaa mizizi na majani yanayooza. Udongo wa namna hiyo unapumua, na pumzi yake ni hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa puani, tena kwa wingi unaozidi mara nyingi ule wa hewa ya juu. Maji yanapopita huibeba hewa hiyo na kuwa makali kidogo, mfano wa soda isiyo na sukari. Huko chini yanakutana na mawe ya chokaa, na ukali ule mdogo unatosha kuyayeyusha, mwaka baada ya mwaka. Mapango ya Amboni kule Tanga yalichimbwa kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo maji yanapotokeza tena juani kwenye chemchemi za Bijela Rijeka na Crna Rijeka, yaani Mto Mweupe na Mto Mweusi, vijito viwili vinavyoungana na kuyalisha maziwa yale, ni maangavu kabisa, lakini yamebeba chokaa iliyoyeyuka usiyoweza kuiona, kama vile usivyoiona chumvi ndani ya mchuzi.

Chokaa hiyo haikai majini kwa hiari yake. Hewa ya ukaa ndiyo inayoishikilia. Fungua chupa ya soda, uitikise, uone jinsi hewa inavyotoka kwa vurugu. Maporomoko hufanya hivyohivyo. Maji yanapoanguka na kupasuka kuwa matone, hewa inatoroka, chokaa inabaki bila wa kuibeba, nayo hutua juu ya chochote kilicho karibu, kiwe kijiti, gome, konokono au jani. Ndiyo sababu ujenzi hauanzi pale kwenye chemchemi, ambapo maji bado yameshiba hewa, bali mbele zaidi, yakishakwenda mwendo na kutikiswa vya kutosha. Na ndiyo sababu kizingiti hukua zaidi pale maji yanapokivuka kwa kasi: kadiri kinavyoinuka ndivyo maji yanavyoanguka kutoka juu zaidi, na kadiri yanavyoanguka ndivyo yanavyoongeza jiwe. Mahali panapofaa, ukuaji hufikia sentimita moja hivi kwa mwaka.

Lakini maji peke yake yasingejenga kuta za umbo lile bila msaidizi. Ulipotazama maporomoko kwa karibu bila shaka uliona kuvumwani, ule mmea mfupi, laini kama zulia, unaopenda kuota panaporushwa matone. Vijitawi vyake vingi vyembamba huipa chokaa mahali pengi pa kutua, na juu ya vijitawi hivyo huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho pamoja na bakteria wenye utando unaonata, unaozinasa chembe za chokaa kama ulimbo unavyonasa ndege. Mmea unafunikwa jiwe kwa chini huku ncha yake ikizidi kupanda kuufuata mwanga. Hebu kichukue kile kipande cha mwanao ukitazame kwenye mwanga wa dirishani. Vile vitundu vyembamba, vingine kama vya sindano, ndimo zilimokuwa shina za mimea. Chokaa ilizizunguka, zenyewe zikaoza, nafasi zikabaki. Jani nalo halikugeuka jiwe. Lilivishwa jiwe, likaoza ndani ya vazi lake, na mishipa yake ikaacha alama. Mtaalamu wa mimea wa Kroatia, Ivo Pevalek, aliyeyachunguza maziwa haya katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba bila mimea hii pasingekuwa na Plitvice. Mlinzi wako aliposema mawe yanaota, basi, hakuwa akisema kwa mafumbo sana.

Kama bado una shaka, ushahidi mzuri umelala chini ya ziwa Kozjak, lile kubwa mnalovuka kwa boti ya umeme. Kozjak ilikuwa maziwa mawili, kila moja na kizingiti chake. Kizingiti cha chini kikakua haraka kuliko cha juu, maji yakapanda nyuma yake, na mwishowe yakakimeza kile cha juu chote. Ukuta huo ungali ndani ya ziwa hadi leo. Ulipozama haukupata tena maji ya kuanguka, kwa hiyo ukaacha kukua.

Sasa kuogelea. Madhara ya kwanza ni ya mguu, na ndiyo mabaya kuliko yote. Kuvumwani iliyovikwa chokaa changa huvunjika kwa kisigino cha mtoto. Ukiikanyaga utasikia inavyolia kama ganda la yai. Pakishavunjika, maji hayasubiri: hukimbilia kwenye pengo, huongeza kasi pale, hulichimba, na sehemu ya pembeni iliyokuwa ikilowa inabaki kavu. Kuvumwani ya pembeni inakufa, na tufa ikikosa maji hupukutika kama kuta za nyumba ya udongo iliyoezuliwa. Hivyo nyayo moja iliyowekwa pabaya inaweza kukausha eneo kubwa kuliko nyayo yenyewe.

Madhara ya pili ni ya ngozi. Mafuta ya kujikinga na jua, jasho, na ule mkojo ambao kila mzazi anajua kwamba watoto hawautangazi, vyote huongeza majini vitu viozavyo na virutubisho. Fosfeti, kimojawapo cha virutubisho hivyo, hung'ang'ania juu ya chembe za chokaa na kuzizuia zisikue, na uchafu ulioyeyuka hufanya vivyo hivyo. Kisha virutubisho hivyohivyo hulisha mwani mrefu na majani yanayoisonga kuvumwani. Mtu mmoja hana athari, hilo nakubaliana nawe. Ila hifadhi hii hupokea wageni zaidi ya milioni moja kwa mwaka, wengi wao katika miezi mitatu ya kiangazi kama ninyi, na hata kama ni mmoja tu kati ya kumi angeingia majini, hao ni watu laki moja.

Hapo hapo niseme jambo ambalo mlinzi hakukuambia. Kwa maoni yangu waogeleaji si adui mkubwa wa maziwa yale. Wasiwasi wangu mkubwa zaidi uko kwenye nyumba za wageni zinazozunguka hifadhi, vyoo vyake, na maji safi yanayovutwa kuzihudumia. Katika miaka ya 2010 UNESCO, iliyoyaweka maziwa haya katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1979, iliitaka Kroatia iudhibiti ujenzi huo. Maji machafu yanayopenya kwenye mapango ya chokaa hayachujwi kama yanavyochujwa na mchanga. Hupita kwenye mipasuko na kutokea ng'ambo karibu kama yalivyoingia. Kwa hiyo ukimwona mtu anamfokea mtoto aliyelowesha vidole huku hoteli yake haina mfumo wa kueleweka wa majitaka, unayo haki ya kununa. Marufuku yenyewe, hata hivyo, ni ya haki, na si uchoyo. Zamani waliruhusu kuogelea sehemu maalumu za Kozjak, kisha wakaacha. Mto Krka, huko huko Kroatia, wenye maporomoko ya tufa, ulikuwa maarufu kwa kuogelea pale Skradinski Buk. Kuanzia mwaka 2021 napo wamepiga marufuku.

Vipi kuhusu Laos? Bila shaka rafiki yako alikuwa Kuang Si, karibu na Luang Prabang. Huko wenyeji wametenga vidimbwi vya kuogelea na vingine vya kutazama tu, ambao ni uamuzi wa kati kwa kati: unakubali kuvipoteza vichache ili watu wapate pa kujipoza na vingine vibaki salama. Semuc Champey ya Guatemala nako watu huogelea, na mahali penyewe ni pa ajabu: vidimbwi viko juu ya daraja la asili la mawe lenye urefu wa mita 300 hivi, huku mto Cahabón wenyewe ukipita kwa kishindo chini yake. Si kwamba chokaa ya huko haivunjiki. Inavunjika, na wenyeji wamechagua kulipa gharama hiyo. Kule Huanglong, katika mkoa wa Sichuan nchini China, penye vidimbwi zaidi ya elfu tatu bondeni katikati ya misitu, huingii majini kabisa, kwa hiyo Wazungu uwaondolee lawama peke yao. Na Pamukkale ya Uturuki ilionja machungu kwanza: hoteli zilijengwa juu kabisa ya matuta yale meupe, zikayatumia maji ya chemchemi, matuta yakawa ya kijivu, na ikabidi zibomolewe. Leo unapita bila viatu, na maji yanaelekezwa kwa zamu, tuta hili leo, lile kesho.

Kuhusu rangi sina mengi. Hakuna shaba wala dawa. Maji mengi yaliyo safi humeza wekundu wa mwanga na kuacha buluu, sakafu nyeupe ya chokaa huurudisha mwanga huo juu, na vijichembe vya chokaa vinavyoelea huutawanya. Ukienda asubuhi na ukarudi alasiri utakuta ziwa lilelile limebadili rangi, na hakuna aliyemwaga kitu.

Turudi jikoni kwako. Ulipoyachemsha maji, moto uliifukuza hewa ya ukaa, na chokaa ikatua kwenye sufuria. Ulifanya kwa dakika chache kazi ambayo maporomoko huifanya kwa kuyarusha maji. Mtu aliyekulia pwani haoni ajabu: maji ya visima vya Unguja na Mombasa, yanayotoka kwenye mawe ya matumbawe, hayatoi povu la sabuni kwa urahisi na huacha ukoko uleule kwenye birika. Wala huna haja ya kwenda mbali, kwani sehemu nyingi za Ujerumani maji ya bomba ni magumu hivyohivyo, yaani yana chokaa nyingi. Chungulia ndani ya birika lako la umeme. Tena zingatia kwamba kilichobaki kwenye sufuria hakikuingia kwenye kikombe. Chai ile ilikuwa na chokaa pungufu kuliko maji mabichi.

Mawe ya figo, kwa sehemu kubwa, ni ya kalsiamu, madini yaliyomo pia katika chokaa, iliyoungana na oksaleti, kemikali iliyomo katika baadhi ya vyakula, na huundwa ndani ya mkojo uliokolea, si kwa chokaa inayosafiri kutoka kwenye kikombe. Mawe ya chokaa hii ya sufuriani ni nadra sana kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani halikupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji magumu yanadhuru afya. Linalomweka mtu hatarini zaidi ni kunywa maji machache, chumvi nyingi katika chakula, na urithi wa familia. Kwa hiyo kosa kubwa mnaloweza kulifanya sasa ni mumeo kuogopa maji na kupunguza kunywa. Lakini mimi ni mtu wa mawe ya ardhini, dada, si ya mwilini. Aliyewahi kupata tatizo hili huweza kulipata tena, na daktari wake ndiye anayejua mawe yake yalikuwa ya aina gani na ale nini. Akipatwa na maumivu makali ya ubavuni, homa ya kutetemeka, damu kwenye mkojo, au mkojo ukazuilika, asingoje miadi. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Ambacho ningekuuliza mimi ni kama kuna aliyekunywa yale maji kabla hayajachemshwa. Uangavu si usafi. Msitu ule una dubu, mbwamwitu na paa, na vijito vyake hupita karibu na malisho na nyumba za watu. Kuchemsha kulikuwa uamuzi mzuri. Ila kama mtoto alikunywa mabichi na tumbo limekuwa likimsumbua kwa majuma, mpelekeni kwa daktari na mumtajie kijito hicho.

Mkitaka kurudi na nguo za kuogelea zitumike, ufuateni mto Korana, ambao ndio maji ya maziwa yale yakishatoka hifadhini. Pale Slunj na mbele zaidi Karlovac watu huogelea wazi wazi. Maji ni baridi kuliko mnavyotegemea, mawe yanateleza, na tufa iliyovunjika hukata kama kiwembe, kwa hiyo watoto wavae viatu vya majini na asiruke mtu kutoka juu ya maporomoko. Na mkija likizo nyumbani mkapita Mbeya, bonde la Songwe lina travatini tele iliyowekwa na chemchemi za moto. Zile ni za kutazama na kugusa mawe makavu. Maji yake yanapochomoza huunguza, na msiende bila mwenyeji.

Kipande cha mwanao kisingepaswa kuondoka, maana hifadhini hairuhusiwi kuokota hata kokoto, na hilo mwambie kwa upole. Kimeshaondoka; kukitupa kwenye taka hakutajenga kizingiti. Mkitunze, na mkitumie kwa somo moja. Kamua ndimu juu ya ule ukoko wa sufuria, mtoto ainamishe sikio, atausikia ukichemka kwa mapovu madogo: hiyo ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye chokaa. Sufuria itatakata. Ila jiwe lenyewe msilitie ndimu hata tone, kwa sababu litakalotangulia kuliwa ni lile jani.